Kazi Gani, Sehemu Ipi? Vumbi la Mkonge na Tofauti za Wafanyakazi Mkoani Morogoro

Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Modena, nchini Italia, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi. Aliwataka madaktari wenzake waongeze swali moja katika yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: anafanya kazi gani? Miongoni mwa watu aliowaeleza ni wachambuzi wa kitani na katani, ambao vumbi la nyuzi liliwasababishia kikohozi na pumzi fupi. Mkoani Morogoro, ambako mashamba ya mkonge yametanda chini ya Milima ya Uluguru kwa zaidi ya miaka mia moja, swali la Ramazzini halitoshi. Mgonjwa akijibu kwamba anafanya kazi ya mkonge, bado hajaeleza lililo muhimu.

Zao hili lililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 aliyoagiza, 62 tu ndiyo iliyonusurika. Baada ya reli kufika Morogoro mwaka 1907, mashamba yalienea kandokando yake, kutoka Ngerengere hadi Kimamba wilayani Kilosa. Kazi yake tangu hapo imegawanyika katika hatua ambazo kila moja ina maradhi yake. Mkataji hufanya kazi juani, naye hatari yake kubwa ni ule mwiba wa ncha ya jani, unaoweza kutoboa jicho au kuacha kidonda cha kuingizia pepopunda. Kwenye korona, yaani mtambo wa kukwangua majani, kuna maji mengi na vumbi ni kidogo, lakini utomvu huwasha ngozi na mashine haisamehe mkono uliosogea mno. Singa zikisha kuanikwa na kukauka hupelekwa kwenye mashine za brashi, kisha hufungwa marobota. Hapo kwenye brashi ndipo vumbi linapojaa hewani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 kuhusu wafanyakazi wa mkonge nchini Tanzania ulionyesha tofauti hiyo waziwazi. Dalili za bisinosisi, ugonjwa wa njia ya hewa unaoletwa na vumbi la nyuzi za mimea, zilionekana kwa karibu nusu ya waliofanya kazi kwenye brashi. Kwa wale wa kusokota zilionekana kwa takriban watano katika kila mia. Zao ni lile lile, na bado mapafu yalitofautiana kiasi hicho.

Kwa kawaida bisinosisi huanza kwa kifua kubana siku ya kwanza baada ya mapumziko, mara nyingi Jumatatu, kisha hupungua wiki inavyoendelea. Ndiyo sababu mgonjwa hudhani ni baridi au uchovu wa safari. Vumbi likiendelea miaka mingi, kubana huko huenea siku zote za wiki na pumzi huweza kupungua bila kurudi. Mhudumu wa afya asiyeuliza siku dalili zinapoanza atauona mkoba wa pumu, au atashuku kifua kikuu peke yake. Makohozi yapimwe bila shaka, kwa kuwa ugonjwa mmoja haumzuii mtu kupata mwingine; lakini majibu yakitoka safi, uchunguzi usiishie hapo. Kipimo rahisi cha nguvu ya pumzi, kikifanywa kabla ya zamu na baada yake, huweza kuonyesha kile ambacho picha ya kifua haikionyeshi.

Nani basi aliyewekwa kwenye vumbi, na kwa masharti gani? Kabla ya uhuru, wengi wa watu wa mashambani walikuwa manamba, walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, nayo ilikusanya vijana kutoka mbali: Waha wa Kigoma, Wabena wa Njombe, Wangoni wa Songea, na wengine kutoka nje ya mipaka. Mtu aliyetoka nyanda za juu aliingia bonde lenye malaria akiwa hana kinga ya mwenyeji, na kambi zilizosongamana zilimwongezea kuhara.

Malipo yalihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi ambazo kwa desturi zilipaswa kukamilishwa ndani ya siku 42. Siku ambayo ngwe haikumalizika haikuandikwa. Homa, kwa hiyo, ilikuwa na gharama iliyoonekana kwenye kadi, na aliyejikongoja kwenda kazini akitetemeka alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa. Ujira wenyewe ulikadiriwa kama wa mtu asiye na familia, kwa dhana kwamba mke na watoto walikula jasho lao kule nyumbani. Dhana hiyo ilihamisha pia gharama ya maradhi. Kifua kilichoharibika Kimamba kilikuja kukohoa Kasulu, miaka baadaye, mbele ya mganga ambaye hajawahi kuona mashine ya brashi.

Waluguru wenyewe, waliokuwa karibu kuliko wote, hawakwenda kwa wingi kwenye mashamba hayo. Walikuwa na ardhi ya ukoo, inayorithiwa kwa upande wa mama, na waliweza kupata fedha ya kodi kwa kuuza chakula mjini. Wakoloni wengi waliita jambo la namna hii uvivu. Lilikuwa uwezo wa kukataa ujira duni. Nao hawakuachwa. Katika mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, kazi ngumu isiyo na ujira, hadi ghasia za mwaka 1955 zilizoanzia Matombo zilipoufikisha mpango huo ukingoni.

Kipande hakipo tena, ila mgawanyiko upo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayotekelezwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, inatambua ugonjwa unaotokana na kazi sawa na ajali. Zote mbili humshika kwa urahisi mwenye barua ya ajira. Kibarua wa msimu, ambaye jina lake liko katika daftari la msimamizi peke yake, anaweza kusimama kwenye vumbi lile lile na akaondoka bila ushahidi kwamba aliwahi kuwapo. Mama anayeteremka na mkungu wa ndizi kichwani kutoka Luhungo hadi soko la mjini hana hata msimamizi, na maumivu ya shingo na mgongo wake huitwa uzee.

Hapa cheti cha mgonjwa kina uzito kuliko kinavyodhaniwa. Neno “mkulima” au “kibarua” lililoandikwa kwa haraka halitamsaidia mtu baadaye. Mstari mmoja mrefu zaidi waweza kumsaidia: amefanya kazi kwenye brashi miaka sita, shamba fulani, bila barakoa, kifua hubana Jumatatu, alianza kabla ya kuvuta sigara au hakuvuta kabisa. Mgonjwa naye afika na chochote alicho nacho, iwe kitambulisho cha zamani, stakabadhi ya malipo, ujumbe wa malipo kwenye simu, au majina ya watu wawili waliosimama naye kwenye mashine, na aombe vitajwe katika cheti chake siku hiyo hiyo.