Somo la Kiingereza: Neno "Guarantee" Katika Fomu ya Mkopo



Wengi wetu hapa Nyeri, Karatina na Nanyuki tumeshaitwa na jirani: "Njoo uniwekee sahihi, ni fomu tu." Ukifika, fomu ni ya Kiingereza na neno kubwa ndani yake ni guarantee. Linatamkwa garantii. Kitenzi hiki kina maana tatu.

1. Kuwa na hakika ya jambo. Rain is not guaranteed: mvua haina hakika. Mkulima wa Kieni anajua hayo.

2. Muuzaji kusimamia bidhaa yake. The shop guarantees this pump for one year. Yaani pampu ikiharibika kabla ya mwaka kwisha, na kosa si lako, duka litaitengeneza au litakupa nyingine. Weka risiti!

3. Kudhamini deni. I guarantee this loan. Hapa ndipo watu huumia. Wengine hudhani ni kusema, "Huyu namjua, ni mtu mzuri." La, hasha! Kumjua ni I know him. Kushuhudia akiweka sahihi ni I witness. Lakini I guarantee ni kusema: "Asipolipa, nitalipa mimi."

Tuchukue mfano. Jirani amekopa shilingi 30,000 kwa chama cha akiba na mikopo, nanyi wadhamini mko watatu. Amelipa 12,000, kisha akanyamaza. Zimebaki 18,000, mbali na riba. Mkigawana sawa, kila mmoja atakatwa 6,000 kwa akiba yake. Tena mtafute maneno jointly and severally. Yakiwapo, mmoja wenu anaweza kudaiwa deni lote peke yake.

Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inataka ahadi ya kulipa deni la mwingine iwe ya maandishi, yenye sahihi ya aliyeahidi. Kwa hivyo ile sahihi ndiyo kamba yenyewe. Si "fomu tu".

Kabla ya kuweka sahihi, uliza: Ni pesa ngapi? Ni za muda gani? Wadhamini ni wangapi? Omba nakala yako. Kama huwezi kulipa, kataa kwa upole. Kukataa si uadui.

Zoezi la kikundi: Hapa ni maana ya ngapi?
(a) My brother guaranteed my loan.
(b) Good coffee does not guarantee a good price.
(c) They guarantee the radio for six months.

Majibu: (a) 3, (b) 1, (c) 2.