ASILI NA MATAWI: ITIKADI ZA SIASA NA USAWA WA WATU

Jueni, ndugu zangu, ya kwamba mwenye kusoma fiqihi hawezi kuyafahamu matawi mpaka aijue asili yake. Na mambo ya dola ni vivyo hivyo. Kila jioni barazani twasikia watu wakishindana: huyu aisifu sirikali kwa kuwa imeondoa ada ya skuli, na yule ailaumu kwa kuwa yatoza watu hospitalini. Wote wawili washika tawi. Asili ni itikadi, yaani yale wayaaminio wenye kutawala: mali ni ya nani, maskini ana haki gani, na usawa ni nini. Asiyeijua asili hupelekwa na maneno matamu, leo huku, kesho kule.

Suali la kwanza: Je, watu wote si wameafikiana ya kuwa usawa ni jambo jema?

Jawabu: Wameafikiana katika jina, wakakhitilafiana katika maana. Wako wasemao: usawa ni watu wote kufunguliwa mlango mmoja, kisha kila mtu apate kwa kadiri ya juhudi yake, kazi ya sirikali ni kuulinda mlango tu. Hawa ni watu wa soko huria. Wako wasemao: mwenye njaa na mwenye shibe hawako sawa hata mlango ukiwa wazi, basi sirikali na iishike mali, iwagawie wote elimu na dawa. Hawa ni wajamaa. Na baina yao wako wenye kushika kati: biashara na iachwe kwa wenyewe, lakini skuli na hospitali zilipiwe kwa kodi ya wote. Ndiyo njia waliyoishika Waingereza katika matibabu tangu mwaka 1948.

Suali la pili: Tupe mfano tuujuao.

Jawabu: Mfano u karibu. Tanga na Mombasa ni pwani moja, na watu wake ni jamaa. Lakini baada ya uhuru kila upande wa mpaka ulishika asili yake. Kenya katika mwaka 1965 ilitoa Waraka Nambari 10, uliojiita wa ujamaa wa Kiafrika. Lakini ndani yake mlikuwa na shauri hili: fedha za maendeleo zitiwe pale zitakapozaa zaidi, penye ardhi njema na mvua na njia, kisha faida yake ienee kwingine. Watu wa nchi kavu za kaskazini wakangoja, na kungoja kwao kukawa kurefu. Basi tazama yaliyomo, usidanganyike na jina.

Tanzania nayo, kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilitia njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na mabenki yakatwaliwa. Zanzibar ilikuwa imekwisha kutangaza elimu bure katika mwaka 1964. Mwaka 1974, huko Musoma, ikaazimiwa kila mtoto apate skuli ya msingi ifikapo 1977, na watoto wa maskini wakaingia kwa wingi. Hilo ni jema, na mwenye insafu hulikiri. Lakini kwa asili hiyo hiyo watu walihamishwa kwa nguvu kutiwa vijijini, na sirikali ikajitwika mzigo ulioushinda mgongo wake: walimu na vitabu havikutosha, na dawa zikaadimika.

Suali la tatu: Basi ni asili ipi iliyoshinda?

Jawabu: Ilikuja ya tatu kutoka nje. Katika miaka ya 1980 nchi zote mbili zilielemewa na madeni, na wakopeshaji, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, wakaja na itikadi yao: mwenye kutumia na achangie. Kenya ikaanza kutoza hospitalini mwaka 1989, na Tanzania mwaka 1993. Hapo pande mbili zilizokhitilafiana zikalingana: huku na huku mama alisimama dirishani na mtoto mgonjwa mgongoni, akihesabu senti zake. Kisha upepo ukageuka tena. Ada ya skuli ya msingi iliondolewa Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003. Na mwaka 2016 Tanzania ikaendeleza hayo hata kidato cha nne.

Tanbihi: Neno "bure" lisikughuri. Hapana kitu bure. Kilichofichwa ni mlipaji. Basi ajapo mtu kukuomba kura yako, akakuahidi skuli na zahanati na maji, muulize matatu. Mali hiyo itatoka kwa nani? Itamfikia nani kwanza, na nani atangojeshwa? Na ikipungua, nani atakayeachwa nje ya mlango? Akikujibu haya, umeijua asili yake, hata kama hakuitaja. Asipojibu, basi amekupa jani tu, na jani hunyauka.

Nasi tusomao mlango wa zaka hatuyaoni mageni maswali haya. Kwani mlango wenyewe waanza kwa kuuliza: katika mali gani, kiasi gani, na kwa nani.

Haya ndiyo tuliyokusudia kuyaeleza. Aliyefahamu na amfahamishe mwenziwe.