Soma Kibandiko Kabla ya Kununua Jokofu

Jokofu au kiyoyozi kilichotumika huuzwa kwa bei nafuu. Hata hivyo, unafuu huo waweza kugeuka mzigo iwapo gesi iliyomo ndani yake inaondolewa sokoni. Katika somo hili tunaeleza sababu za uondoaji huo na namna mlaji anavyoweza kujikinga na hasara.

Tabaka la ozoni huchuja miale ya urujuanimno itokayo kwenye jua, ambayo husababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Klorini iliyomo katika baadhi ya gesi za kupoozea hulimomonyoa tabaka hilo. Ndiyo maana mataifa yalipitisha Itifaki ya Montreal mwaka 1987, nayo Tanzania ikairidhia mwaka 1993.

Kwa nchi zinazoendelea, ukomo wa gesi ya R-12, iliyotumika katika majokofu ya zamani, ulifika tarehe 1 Januari 2010. Gesi ya R-22 na jamii yake, zilizoenea katika viyoyozi, hupunguzwa kwa hatua: asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Kuanzia mwaka 2030 hadi 2040 kitabaki kiasi kidogo tu kwa ajili ya matengenezo.

Mwenye kiyoyozi cha R-22 halazimiki kukitupa. Lakini anayekinunua leo ajue kwamba gesi yake itazidi kuadimika.

Tunamshauri mlaji azingatie mambo haya:

1. Asome kibandiko cha kifaa kabla ya kulipa. Akikuta R-12, asinunue. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, amtake muuzaji aandike aina ya gesi kwenye risiti.

2. Akumbuke kuwa gesi haiishi kwa kutumika, ikipungua, imevuja. Fundi azibe kwanza panapovuja, ndipo ajaze. Kujaza bila kuziba ni kulipia gesi itakayopotea tena.

3. Asikubali gesi iachiwe hewani; fundi aivute na kuihifadhi kwenye mtungi.

4. Asiruhusu gesi ya R-290 au R-600a kuwekwa katika kifaa kisichotengenezwa kwa ajili yake. Gesi hizi haziharibu ozoni, lakini hushika moto.

Kibandiko husomwa kwa dakika moja. Jokofu hukaa nyumbani miaka mingi.