Dondoo muhimu: Klika na filimbi kwa mbwa wa kuokota ndege

Wakufunzi wa mbwa wa uwindaji nchini Uingereza wamezoea filimbi: mlio mmoja mrefu, mbwa aketi, milio mifupi ya haraka, arudi. Usiitupe. Klika, kidude cha mkononi kinacholia "tik" kikibonyezwa, haitoi amri. Humjulisha mbwa kwamba alichofanya sekunde hiyo hiyo ndicho kinacholipwa. Keller na Marian Breland, waliosoma kwa mwanasaikolojia B. F. Skinner, walifunza wanyama kwa njia hiyo tangu miaka ya 1940, na nguvu yake ni usahihi. Basi ianzie pale usahihi unapotakiwa zaidi, yaani kushika. Mpe Labrador mchanga kifurushi cha turubai badala ya ndege. Bonyeza angali amekibana kwa utulivu bila kutafuna, kisha mpe kipande cha nyama. Refusha muda kidogo kidogo.

Wapo wanaodai kwamba chakula kitamfanya ateme ndege njiani. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mlio wa klika humaliza kitendo. Dawa yake ni kutobonyeza, akishaanza kutembea nacho, mpaka mkono wako umekigusa kifurushi, na kuiweka klika kando akishaelewa. Mbugani, mbwa akiwa mita 100 mbele na upepo unavuma, haitegemeki. Huko filimbi ndiyo inayotawala, na malipo ni ruhusa ya kwenda kuokota. Subira, kwa maoni yangu, ifundishwe kwa njia ya zamani: tupa vifurushi, mwache aketi, na vingi uviokote mwenyewe.