Kielea Kinakua, Kielea Anakula: Istilahi na Upatanisho katika Ukuzaji wa Planktoni Nyumbani

Utangulizi

Istilahi planktoni ilizuka mwaka 1887, mwanasayansi Mjerumani Victor Hensen alipoiunda kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutangatanga. Alikusudia viumbe wote wanaochukuliwa na maji pasi na uwezo wa kushindana na mkondo. Wengi wao hawaonekani ila kwa hadubini, ilhali ndio wanaobeba uhai wa bahari: vifaranga wa samaki huwala, na matumbawe huwanasa. Anayefuga viumbe wa baharini katika tangi la kioo huwahitaji wakiwa hai. Kifaranga wa samaki wa matumbawe, akishamaliza kiini cha yai alichotoka nacho, ana kinywa kidogo mno, na aghalabu hashiki chakula kisichojongea. Unga wa dukani humpita mbele ya macho naye akafa njaa.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba hatua za kukuza planktoni hai nyumbani zaweza kuelezwa kikamilifu kwa Kiswahili. Zaidi ya hayo, yanadai kwamba sarufi ya Kiswahili humwonya mkuzaji mahali ambapo Kiingereza hunyamaza. Machakos imeteuliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, mji huo uko zaidi ya kilomita 400 kutoka Mombasa, na mwinuko wake ni mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mkaazi wa Kilifi huenda ufuoni na ndoo yake. Wa Machakos hana budi kuelezwa kila kitu, hata maji yenyewe. Maelezo yasiyo kamili yatamwangusha yeye kabla ya mwingine yeyote. Pili, Machakos si mgeni wa ufundi huu.

Vidimbwi na kipimo cha mkono

Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha Mpango wa Kuchochea Uchumi, ambao miongoni mwa shughuli zake ulikuwa uchimbaji wa vidimbwi vya samaki: vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa mita mraba 300. Vingine vilichimbwa Machakos, katika nchi ambayo mvua haiaminiki na ambamo watu wamezoea kuhifadhi maji kwa makingamaji na mabwawa ya mchanga. Mfugaji wa tilapia alifunzwa kutia samadi kidimbwini ili maji yageuke kijani. Kijani kile ndicho planktoni. Hivyo basi, mkulima aliyedhani anafuga samaki alikuwa kwanza anakuza vijimea vya maji, na samaki akaja baadaye kama ng'ombe ajavyo malishoni.

Kipimo alichopewa hakihitaji chombo. Unazamisha mkono wima hadi kiwikoni. Kiganja kikiwa hakionekani, maji yameiva, na kikionekana waziwazi, samadi haijatosha. Kiganja kikipotea machoni kabla ya maji kufika hata nusu ya mkono, kijani kimezidi, na usiku samaki wanaweza kukosa hewa. Inafaa kukumbuka kwamba urefu huo wa kiwiko hadi ncha ya kidole una jina lake la kale katika Kiswahili, yaani dhiraa, neno ambalo wanafunzi wengi hulikutana nalo katika tenzi na mikataba ya zamani wakadhani limekufa. Mkulima wa Mwala anayezamisha mkono kidimbwini anapima kwa dhiraa hata asipojua.

Tatizo la jina

Planktoni, kama ilivyotoholewa, ina faida ya kueleweka kimataifa. Kasoro yake ni kwamba haimwambii msomaji wa Kiswahili lolote kuhusu kitu chenyewe, na haizai maneno mengine kwa urahisi. Badala yake laweza kupendekezwa neno linalotokana na kitenzi elea: kielea, wingi wake vielea. Anayefahamu fonolojia atapinga papo hapo. Kiambishi ki- kinapokutana na irabu aghalabu hugeuka ch-, na ushahidi ni neno chelezo, lenye kutokana na mzizi uo huo. Kwa kanuni hiyo tungepata chelea, na chelea tayari ni kitenzi chenye maana ya kuhofia. Hata hivyo, Kiswahili kina kielelezo na kielezi, maneno ambayo hayakufuata kanuni hiyo na hakuna anayeyalaumu. Kielea basi lina ndugu zake.

Methali nayo yatoa ushahidi wa aina yake. Isemwapo kuwa ukiona vyaelea vimeundwa, vinavyotajwa ni vyombo. Vielea vya bahari havikuundwa na mtu. Vya chupani Machakos, kwa hakika, vimeundwa.

Kuna kosa moja ambalo mfasiri mchanga hulifanya, nalo lachekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Kiingereza hutumia neno moja kwa utamaduni na kwa ukuzaji wa vijidudu, na kwa sababu hiyo twaweza kukuta "utamaduni wa planktoni", kana kwamba viumbe hao wana ngoma na miiko. Kiswahili hakihitaji kuazima hapa. Mimea hukuzwa na kulimwa. Ndiyo maana Wazanzibari husema kilimo cha mwani. Wanyama hufugwa. Mgawanyo huu wa vitenzi ni wa msingi, kama sehemu ifuatayo itakavyodhihirisha.

Chupa mbili

Kazi nzima huhitaji chupa mbili safi za plastiki angavu, za lita mbili au zaidi. Maji ya mfereji huwa na klorini, kwa hiyo huachwa wazi siku moja au mbili huku yakipulizwa hewa. Kisha hutiwa chumvi maalumu ya matangi ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita. Chumvi ya mezani haifai, kwani bahari si sodiamu na klorini pekee: mna magnesiamu, kalisiamu na madini mengine. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya chumvichumvi ya visima vingi vya Ukambani, japo yauchukiza ulimi, si maji ya bahari.

Chupa ya kwanza ni ya kijani. Hutiwa mbegu ya mwani wa seli moja, kama vile Nannochloropsis, ambao upana wa seli yake ni maikromita chache tu. Huongezwa matone ya mbolea yenye naitreti, fosfeti, chuma na vitamini, kisha hupitishwa mpira mwembamba wa hewa hadi chini. Mpira huo hauwekewi jiwe la kutawanya hewa, maana mapovu makubwa hukoroga vizuri ilhali madogo huleta povu. Chupa huwekwa penye mwanga wa kutosha, lakini si katika jua kali linaloichemsha. Baada ya juma moja au siku kumi maji hukoza. Hapo sehemu huvunwa na nyingine huachwa iwe chachu, kwa desturi ile ile ya mama anayeacha maziwa kidogo kibuyuni ili ya kesho yagande.

Chupa ya pili ni ya rotifa, mnyama mwenye urefu wa sehemu ya kumi hadi tatu ya kumi ya milimita. Humiminiwa maji ya kijani mpaka chupa ipate rangi, naye huyala. Kutwa moja baadaye maji yakiwa yamepauka, hulishwa tena; yakiendelea kuwa kijani, kuna vifo au baridi. Jambo hili la baridi lisipuuzwe. Rotifa wa maji ya joto hupenda nyuzi 25 hivi za selsiasi, na usiku wa Julai katika vilima vya Machakos hushuka chini sana ya hapo. Kila siku robo ya maji yaweza kuchujwa kwa kitambaa chenye matundu ya maikromita 50, rotifa wakasuuzwa, ndipo wakatiwa tangini. Maji yaliyochujwa humwagwa kwa kuwa yamejaa amonia. Umeme ukikatika hewa husimama, na mkuzaji mwenye busara huwa na chupa ya akiba katika chumba kingine. Tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu Kenya nzima kwa saa nyingi, pampu za hewa zilikuwa miongoni mwa vilivyonyamaza.

Hatari kubwa kuliko zote ni rotifa kuingia katika chupa ya kijani. Jike la rotifa, hali ikiwa nzuri, huzaa bila dume, kwa hiyo mmoja anatosha. Mkono uliolowa, au mpira wa hewa uliohamishwa bila kuoshwa, huleta maangamizi: siku chache baadaye kijani kimekwisha, walaji wamejaa, na hakuna cha kuwalisha. Chupa zote mbili hufa, ya kwanza kwa kuliwa na ya pili kwa njaa.

Upatanisho

Kwa kuwa kila kitu hutegemea kutochanganya kiliwacho na mlaji, mwongozo hauna budi kuvitenga katika kila sentensi. Hapa ndipo sarufi inapofanya kazi. Nomino za ngeli ya KI-VI zinazotaja wanyama huchukua upatanisho wa A-WA: kifaru anakunywa, vipepeo wanaruka. Zinazotaja mimea na vitu hubaki na upatanisho wake: kichaka kinakua, viazi vimeoza. Tukikubali vielea-mimea na vielea-wanyama, basi kielea-mmea kinakua na kielea-mnyama anakula. Hatujaongeza kanuni yoyote. Tumetumia ile ambayo mtoto wa miaka mitano anayo.

Manufaa yake huonekana katika kiambishi cha mtendwa. Tazama agizo hili: "Vimimine katika chupa ya pili, kisha wachuje." Nomino haikutajwa, ila hakuna utata: vinavyomiminwa ni vijimea, wanaochujwa ni wanyama. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja cha wingi kwa wote wawili, na mwandishi wake hulazimika kurudia majina au kumwacha msomaji abahatishe. Mwongozo wa Kiswahili ulioandikwa kwa uzembe, unaosema "vichuje" kote kote, hauna kosa la mtindo tu. Unamharibia mtu chupa zake.

Pingamizi zipo. Wasemaji huyumba wanapofika kwa viumbe wadogo sana: virusi vinaenea, hawaenei, na vijidudu husikika kwa upatanisho wa aina zote mbili. Yaonekana kipimo cha msemaji ni iwapo kiumbe chaonekana kikijongea kwa hiari yake, wala si biolojia. Rotifa chini ya hadubini hana shaka yoyote. Anazungusha nywele zake kama gurudumu na kumeza. Vivyo hivyo artemia, ambaye Kiswahili kingeweza kumwita uduvi-chumvi. Artemia waliingizwa katika mabwawa ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi miaka ya 1980, na mayai yake makavu hukaa muda mrefu, kisha huanguliwa kwa saa 24 hivi yakitiwa katika maji ya chumvi yenye joto. Mayai hayo ndiyo njia nyepesi zaidi ya bahari kufika Machakos, maana huhimili safari ndani ya bahasha.

Linalosalia ni kundi ambalo halikubali kugawanywa. Baharini mna viumbe wa seli moja wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, na papo hapo huwameza wenzao kama wanyama. Je, kielea cha namna hiyo kinaelea au anaelea? Huenda wakapewa A-WA kwa sababu ya kumeza, ila mkuzaji anayewaweka penye mwanga na kuwatia mbolea atakuwa anasema kinakua. Swali hilo lafaa kujadiliwa darasani, hadubini ikiwa mezani.