Kerneli Humpokea Nani? Darsa ya Kusanidi Fomati za Programu Katika Linux



Ndugu zangu katika imani, safari hii nimeombwa kuandika darsa ya kompyuta. Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si mhandisi, na sehemu kubwa ya nitakayoeleza nimejifunza kwa kuharibu kwanza. Kompyuta niliyoiharibu ilikuwa ya jumuiya yetu, na niliiharibu majuma mawili kabla ya mitihani. Kwa hiyo yasomeni haya kama darsa, na pia kama kuomba radhi.

Kisa chenyewe

Chumba chetu cha maktaba kina kompyuta mbili kuukuu. Zote zilikuwa na Windows, na ndani yake al-Maktaba al-Shamela, programu yenye maelfu ya vitabu vya Kiarabu, tangu tafsiri hadi elimu ya wapokezi wa hadithi. Hapa Juba kitabu cha juzuu nyingi ni ghali na hakipatikani kwa urahisi, kwa hiyo Shamela ndiyo rafu yetu ya vitabu. Tatizo lilikuwa flashi. Kila flashi iliyopita kwenye vibanda vya kuchapisha ilirudi na virusi, na kila mwezi tulipoteza siku nzima kusafisha mashine. Katika shura tukakubaliana kompyuta moja ihamie Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux.

Siku ya kwanza ndugu mmoja alichomeka flashi yenye faili la kusakinisha Shamela, akaliita kwenye dirisha la amri. Jibu likaja:

cannot execute binary file: Exec format error

Akaniuliza, "Akhi, faili limeharibika?" Faili lilikuwa zima. Kerneli ndiyo haikulitambua. Darsa yetu inaanzia hapo.

Kerneli hutambuaje programu?

Kerneli ni kiini cha mfumo wa kompyuta. Ndiyo inayogawa kumbukumbu na muda wa prosesa, na ndiyo inayosimama kati ya programu na vifaa. Kerneli ya Linux aliianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki.

Unapoagiza programu ianze, ombi hufika kwa kerneli kwa mwito uitwao execve. Kerneli kwanza hutazama kama faili lina kibali cha kutekelezwa. Kisha husoma baiti za mwanzo za faili, ambazo leo ni 256 na zamani zilikuwa 128, na kuzionyesha kwa wapokeaji wake mmoja baada ya mwingine. Kila mpokeaji anajua fomati yake. Akiona alama anayoijua, analichukua faili. Asipoiona, anampisha mwenzake. Wote wakikataa, kerneli hurudisha kosa namba 8, nalo ndilo lile aliloliona ndugu yetu.

Alama tatu zinatosha kwa leo:

1. ELF. Faili huanza kwa baiti 7f ikifuatwa na herufi E, L na F. Karibu kila programu ya Linux iliyokwisha kukusanywa ina umbo hili.

2. Alama #! mwanzoni mwa faili. Hii ni skripti, yaani maandishi yanayosomwa na programu nyingine. Baada ya alama hiyo huandikwa njia ya huyo msomaji, kwa mfano /bin/sh.

3. MZ. Hizi ni herufi za mwanzo za jina la Mark Zbikowski wa Microsoft, na ndizo zinazofungua mafaili ya .exe tangu zama za DOS.

Jaribu mwenyewe kwa amri hii:

head -c 4 /bin/ls | od -c

Utaona 177, kisha E, L, F. Hiyo 177 ni ile ile 7f iliyoandikwa kwa hesabu ya msingi wa nane. Sasa chukua faili lolote la .exe, libadilishe jina uliite kitabu.pdf, kisha rudia amri. Bado utaona M na Z. Jina limebadilika lakini kilicho ndani ni kile kile, na alama hizi tatu hutafutwa ndani ya faili.

Menyu ya kusanidi

Orodha ya wapokeaji haikushuka kutoka mbinguni. Anayeijenga kerneli ndiye anayeichagua. Ukiwa kwenye folda ya msimbo wa kerneli, andika make menuconfig, kisha ingia sehemu iitwayo Executable file formats. Baadhi ya machaguo huko yana majibu matatu. Y maana yake mpokeaji ajengwe ndani ya kerneli. M maana yake awe moduli ya pembeni inayopakiwa inapohitajika. N maana yake asiwepo kabisa.

BINFMT_ELF ni mpokeaji wa ELF. Jibu ni Y, hakuna mjadala.

COMPAT_BINFMT_ELF huruhusu kerneli ya biti 64 kupokea programu za ELF za biti 32. Kwenye kompyuta za Intel na AMD hulioni kama swali la peke yake, bali huja ukiwasha IA32_EMULATION katika sehemu nyingine ya menyu. Usiizime ovyo kama unategemea programu za zamani.

BINFMT_SCRIPT ni mpokeaji wa skripti. Jibu ni Y. Nitarudi hapa, maana hapa ndipo nilipoanguka.

BINFMT_MISC ni mpokeaji wa wageni. Hana fomati yake mwenyewe, bali wewe ndiye unayemwambia: ukiona alama fulani, mkabidhi msomaji fulani. Debian humweka kama M.

COREDUMP si mpokeaji, ila iko jirani nao. Programu ikianguka, kerneli huweza kuandika picha ya kumbukumbu yake ili mtengenezaji achunguze sababu. Inafaa kwa watengenezaji, lakini picha hiyo inaweza kubeba hata nywila iliyokuwa ikitumika. Kwenye mashine ya watu wengi, litazame hilo kwa makini.

Ukisoma vitabu vya zamani utakutana pia na a.out. Ilikuwa fomati ya Linux kabla ya ELF kuchukua nafasi yake katikati ya miaka ya 1990. Msimbo wake uliendelea kubaki kwa miaka mingi, na mwaka 2022 ukaondolewa.

Kama hutaki kujenga chochote, na unataka tu kujua kerneli uliyonayo ilisanidiwaje, kwenye Debian au Ubuntu andika:

grep BINFMT /boot/config-$(uname -r)

Kosa langu

Kompyuta yetu ina kumbukumbu ndogo, nami nikataka kerneli nyepesi. Nikapita kwenye menyu nikipunguza hiki na kile. Nilipofika BINFMT_SCRIPT nikajiambia, skripti ni maandishi tu, si programu halisi, basi nikaweka M. Nikaiacha mashine ijenge usiku kucha kwa mafuta ya jenereta yaliyonunuliwa kwa michango ya wanajumuiya. Kisha, ili kupata nafasi kwenye diski, nikaifuta kerneli ya zamani.

Asubuhi nikawasha. Katikati ya maandishi meupe nikasoma:

Failed to execute /init (error -8)

Baada ya hapo hapakuwa na ukurasa wa kuingilia. Itazameni ile 8. Ni kosa lile lile la ndugu yetu na .exe yake, ila safari hii aliyekataliwa mlangoni ni Debian yenyewe. Hatua ya kwanza ya Debian inapowaka ni faili liitwalo /init, na faili hilo ni skripti inayoanza kwa #!. Mpokeaji wa skripti nilimweka pembeni kama moduli, na kazi ya kupakia moduli hufanywa na skripti hiyo hiyo. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Maelezo ya msaada ya chaguo hilo yanaonya waziwazi kwamba mifumo mingi haitawaka ukiweka M au N. Sikuwa nimeyasoma.

Ilinichukua siku mbili kuirudisha, kwa flashi ya kuwashia niliyoazimwa. Siku hizo mbili dada zetu waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa usulul-fiqhi walipigania kompyuta moja iliyobaki. Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Basi chukueni kanuni mbili. Someni msaada wa kila chaguo kabla ya kulibadilisha, na msifute kerneli ya zamani mpaka ile mpya iwake na kufanya kazi siku kadhaa.

Mlango wa wageni

Shamela bado ilikuwa haijafunguka. Njia yake ni Wine, programu inayowezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux. Unaweza kuiita kwa mkono kila mara, wine kisha jina la faili. Au unaweza kutumia BINFMT_MISC, ukaifundisha kerneli kwamba kila chenye MZ kipelekwe kwa Wine. Mwenye mamlaka ya mfumo huandika:

mount -t binfmt_misc binfmt_misc /proc/sys/fs/binfmt_misc

echo ':DOSWin:M::MZ::/usr/bin/wine:' > /proc/sys/fs/binfmt_misc/register

Amri ya kwanza mara nyingi huwa imeshatekelezwa na mfumo wenyewe. Katika ya pili, DOSWin ni jina tunaloipa kanuni hii. Herufi M, isichanganywe na ile M ya menyu, inasema tunatambua kwa alama. Ukiweka E badala yake, kerneli itatambua kwa mwisho wa jina la faili. MZ ndiyo alama, na mwisho ni njia ya msomaji. Kuifuta kanuni, andika:

echo -1 > /proc/sys/fs/binfmt_misc/DOSWin

Mlango huu una manufaa makubwa. Kwa kuutumia pamoja na QEMU, mwenye laptopu ya Intel anaweza kuendesha programu zilizotengenezwa kwa prosesa ya ARM, kama za Raspberry Pi.

Tulipolileta jambo hili kwenye shura, ndugu mmoja alisema, "Ufungueni tu, kwa nini watu wahangaike?" Ukhti anayesimamia maktaba akajibu, "Flashi zilizoua Windows si ndizo hizi hizi?"

Alikuwa na haki. Wine si gereza. Programu inayopita humo hufanya kazi kwa ruhusa za aliyeiita, na kwa kawaida huona mafaili yake yote. Isitoshe, flashi nyingi hutumia FAT, mfumo usiohifadhi vibali vya Unix, kwa hiyo .exe iliyo ndani yake inaweza kuonekana ina kibali cha kutekelezwa bila mtu kuitoa. Kanuni ya MZ ingeipokea Shamela, na kwa mlango ule ule ingevipokea virusi vyote vya mjini.

Tukaamua hivi. Kanuni ya MZ haitasajiliwa. Shamela ina akaunti yake ya mtumiaji na kitufe kimoja kinachoiita Wine kwa ajili yake tu. Flashi hupachikwa kwa chaguo la noexec, linalozuia faili kutekelezwa moja kwa moja kutoka humo. Noexec haimzuii mtu aandikaye wine kwa mkono, na vilevile programu ya kufungulia mafaili inaweza kumwita Wine kwa njia yake yenyewe, kwa hiyo hayo mawili tumeyaangalia peke yake.

Umbo si ushahidi

Nimalizie na lililonigusa kama mwanafunzi wa hadithi. Mtu akituletea matini bila isnadi, hatuna pa kuanzia. Akiileta na isnadi, kazi ndiyo kwanza inaanza: je, wapokezi ni waadilifu, wanahifadhi vizuri, wamekutana? Isnadi iliyopangwa vizuri inaweza kuwa ya kubuni. Utangulizi wa Sahihi ya Imam Muslim umebeba maneno ya wema waliotangulia juu ya uzito wa jambo hili, na aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatutaka tuhakikishe habari ya fasiki kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua.

Kerneli hufanya ile hatua ya mwanzo tu. Huuliza, hili lina umbo ninalolijua? Haiulizi, aliyelileta ni nani, na amelitoa wapi? Kirusi kilichoandikwa kwa ELF safi hupokelewa sawasawa na programu njema. Kwa hiyo anayesanidi ana kazi mbili. Ya kwanza ni kupunguza milango hadi ile inayohitajika, bila kufunga ule ambao nyumba yenyewe hupitia. Ya pili ni kuchunguza chanzo: chukua programu kwenye hazina rasmi zilizotiwa sahihi, linganisha alama ya uhakiki inapotolewa, na usipokee .exe ya kibandani kwa sababu tu rafiki kakupa. Mashine ya jumuiya ni amana, na kosa la mmoja humla mwenzake aliyekuwa akisoma.

Maswali ya kujipima

1. Faili limeitwa hotuba.txt lakini linaanza kwa #!/bin/sh na lina kibali cha kutekelezwa. Ukiliagiza, mpokeaji gani atalichukua?

2. Kwa nini BINFMT_MISC inaweza kuwa M bila madhara, na BINFMT_SCRIPT isiwe?

3. Taja hatari moja na faida moja ya kusajili MZ kwenye mashine inayotumiwa na watu wengi.

Anayetaka kujaribu kwa vitendo anikute maktabani baada ya swala ya alasiri. Kompyuta ya Debian inawaka, alhamdulillah, na kerneli zake mbili zote zipo.

Nilichopatia ni kwa tawfiki ya Allah, na nilichokosea ni kwangu. Wallahu a'lam.