Kununua Matandiko ya Farasi Mkubwa Mno

Dume la farasi wa Uingereza aitwaye Shire kwa kawaida hufikia kimo cha sentimita 173 au zaidi, kutoka ardhini hadi kilele cha mabega. Tandiko na hatamu za kawaida hazimtoshi. Neno "kubwa" kwenye lebo si kipimo, kwa kuwa kila mtengenezaji hulitumia apendavyo.

Kabla ya kuagiza, pima yafuatayo:

1. Upana wa kinywa. Lijamu izidi upana huo kwa takriban nusu sentimita kila upande.
2. Mzingo wa pua. Vidole viwili vipite chini ya ukanda uliofungwa.
3. Umbo la mgongo. Tandiko lisilalie uti wa mgongo wala kuvuka ubavu wa mwisho.

Tandiko linalobana huleta vidonda, na farasi mwenye maumivu huweza kumwangusha mpandaji.

Mkabidhi muuzaji vipimo hivyo kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Nchini Uingereza, anayenunua kwa simu au mtandao hupewa siku 14 za kughairi. Lakini haki hiyo haihusu bidhaa iliyotengenezwa kwa vipimo vya mnunuzi mwenyewe. Hata hivyo, bidhaa ikija kinyume cha vipimo vilivyokubaliwa, muuzaji ndiye atakayewajibika. Bila nakala hiyo, dai lako litakuwa gumu kuthibitishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.